Asubuhi Pikapu Ilipolia Ta

Habari ya kifo cha Fundi Salimu niliipata jikoni, sufuria ya chai mkononi. Aliyepiga simu alikuwa mwanawe wa kwanza, Athumani, ambaye sikuwahi kuonana naye, na sauti yake ilivyofanana na ya marehemu nilidhani mzee mwenyewe amepiga kujitangazia msiba. "Baba hatunaye," alisema. "Namba yako tumeikuta kwenye kidaftari chake, tukaona tukwambie." Nikamjibu kwamba nitakuja. Nilipoweka simu nilizima jiko, nikakaa kwenye kigoda, na badala ya kulia nikawa nasikiliza. Nje jirani alikuwa anawasha gari lake kwenda kazini. Liliwaka mara moja, likaenda zake. Mimi husikiliza hivyo kila asubuhi, na sasa ni zaidi ya miaka ishirini na tano. Nauza spea hapa Malindi, watu wananiita fundi, nami naitika, lakini kuna mlio mmoja wa gari ambao nikiusikia naacha chochote nilichoshika. Mtu anazungusha ufunguo, injini haigeuki, na chini ya boneti kunalia ta, mara moja, kavu, basi. Waliojua kisa cha mlio huo tulikuwa wawili. Sasa nimebaki peke yangu, na mtu aliyebaki peke yake na jambo anaweza kuligeuza apendavyo. Ndiyo maana naandika leo, kabla sijaanza kuligeuza.

Ya ukoo wetu wa kijiji cha Kilelengwani sitayaandika hapa. Wenyewe wapo na midomo wanayo. Mwaka ninaousema ni wa tisini na nane, ule uliofuata mvua za Elnino, Mto Tana ulipotoka kitandani mwake ukaja kulala na sisi. Nilikuwa fundi wa pili katika gereji ya Salimu pale Garsen, na kwa kuwa nyumba niliyopanga ilianguka, nilihamia chumba cha nyuma ya gereji, alikolala yeye mwenyewe. Kilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha moja la mbao. Maji yalikuwa yameshapungua nilipohamia, lakini yalikuwa yameacha mstari wa tope ukutani, usawa wa kiuno changu, na kila tulipoufuta ulirudi tope lilipokauka. Vitanda vyetu tulivipandisha juu ya rimu za magari. Kila kitu kilinuka tope na dizeli, hata mkate. Shimo la kukagulia magari lilikuwa bado limejaa maji, na ndani yake mto ulituachia kambare. Niliwavua kwa ndoano nikiwa nimekaa juu ya tairi, ndani ya gereji, nikawakaanga kwa pilipili. Salimu alikuwa mtu wa Kipini, baharini, na Mswahili wa Kipini hawezi kuheshimu samaki aliyevuliwa kati ya spana. "Samaki mwenye masharubu kunishinda mimi," alikuwa akisema, "nitamlaje?" Kisha alikula wali wake kwa maziwa waliyotuletea akina mama wa Kiorma kwenye vibuyu, huku akiniangalia kwa huruma ya kujifanya.

Salimu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwenye kazi alikuwa na maneno machache aliyoyarudia mpaka yakakaa kichwani kama wimbo wa shule. Wateja walikuwa na tabia ya kuficha walichokifanya kabla ya kuja kwetu. Mtu amemwaga petroli kwenye tangi la dizeli, anakuja kusema gari limeanza tu kukohoa lenyewe. Salimu alimtazama, akamwambia, "Mficha uchi hazai, bwana," na mtu akacheka, akasema ukweli, kazi ikawa nyepesi. Kwa gari linalolia ta lisiwake, alinifundisha hivi: washa taa kwanza, halafu zungusha ufunguo ukiitazama ile taa ya dashibodi. Ikifa au ikififia, tatizo liko kwenye betri au kwenye vichwa vyake, pale waya zinapofungwa. Ikibaki kali vilevile, umeme upo, basi kafungue stata, ile mota inayogeuza injini. "Taa haina ndugu," alisema. "Itakwambia kweli tupu." Nilikuwa nimelifanya jaribio lile labda mara mia. Mtu hawezi kusema sikujua.

Magari yaliyobaki upande wetu yalikuwa machache, kwa sababu barabara ilikatika pande zote. La kutegemewa lilikuwa moja, pikapu kuukuu ya dizeli ya Mzee Dube, Muorma mfanyabiashara wa ng'ombe, ambayo ililala gerejini kwetu kwa kuwa ndipo maji yalipopungua mapema. Kabla ya mafuriko ilibeba ndama. Baada ya mafuriko ilibeba unga wa msaada, wagonjwa, na maiti. Ile hewa ya unyevu ilikula vichwa vya betri, kila siku tatu vilikuwa vimeota unga wa kijani. Ni Dube aliyetuletea dawa: mafuta ya mkia wa kondoo, kwenye chupa ya soda, yale wanayopaka ngozi, kamba, vidonda na kila kitu. "Kwetu hii inazuia maji," alisema. "Paka. Chuma pia ni ngozi." Na kweli yalizuia. Salimu aliyakubali kwa sharti moja: kwanza kwangua kichwa mpaka king'ae, kisha funga waya, kaza nati kwa spana, halafu ndipo upake kwa nje. "Mafuta ni koti," alinionya. "Mtu havai koti ndani ya ngozi." Kazi hiyo ikawa yangu, na niliifanya vizuri kiasi kwamba watu wa Garsen walijifunza kutazama betri ya gari na kusema, ikimetameta mafuta, hii imeshughulikiwa.

Nilikuwa na redio, nami nilikuwa na msichana moyoni. Jina lake siliandiki, ni bibi wa watu sasa. Nilimtumia salamu kwa ile kadi ya redioni, ambayo mtangazaji huisoma na kutaja mtu na mahali alipo, na nikamwambia asikilize kipindi cha jioni. Betri ndogo za redio hazikupatikana dukani, kwa hiyo tulifanya kama wote walivyofanya mwaka ule: ukitaka redio, unafungua betri ya gari. Siku hiyo Salimu alikuwa ametoka kwenda kutazama mashine ya kusaga iliyozama. Saa kumi na moja nikaifungua betri ya pikapu ya Dube, nikaibeba hadi chumbani, nikaiweka chini ya ule mstari wa tope, nikaunganisha waya. Nilisikiliza salamu za watu wa Ndera, wa Hola, wa Mombasa, za watu waliomsalimu kila mtu hadi mbuzi. Yangu haikusomwa. Nikamsikia Salimu nje akipiga hodi kwa jirani, nikakurupuka. Niliirudisha betri mahali pake mbio mbio. Sikukwangua. Spana sikuiona, nati nikaikaza kwa vidole, na ili ionekane haikuguswa nikapaka mafuta kwanza kwenye kichwa kichafu, nikavika waya juu yake, kisha nikapaka tena kwa nje mengi, mazuri, yakimetameta. Nilipanga kuamka mapema nikafanye sawasawa. Nililala kama mtoto.

Kesho yake Raheli aliletwa kwa mtumbwi kutoka Idsowe, jua linachomoza. Nilimfahamu kwa sura tu. Mumewe Komora alikuwa mkulima wa mpunga na ndizi aliyewahi kutuletea jembe lake la mashine tulitengeneze. Raheli alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto wa kwanza, na mkunga aliyekuja naye alisema mtoto amekaa upande na hawezi kumgeuza. Walimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, akafunikwa kwa leso mbili, mkunga kichwani pake na mama mkwe miguuni. Hospitali iliyobaki upande wetu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara ya matope. Dube akaingia kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Ta. Akarudia. Ta. "Hii gari jana ilitembea," akasema. "Leo inakataa kwa nini?" Wanaume wakajaribu kuisukuma, wakawa kumi, lakini magurudumu yaliteleza tu kwenye lile tope jeusi, hayakuzunguka, na kila walipoitikisa Raheli alipiga kelele, wakaacha. Salimu akafungua boneti. Dube akashuka, na Salimu akaniambia niingie mimi.

Nimekaa kwenye kile kiti mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa macho na nikiwa usingizini. Kitambaa kilichopasuka, kamba ya tasbihi ya Dube kwenye kioo. Salimu alikuwa mbele, boneti imemficha, namwona mikono tu. "Vichwa vya betri vipi?" akauliza. Nikasema, "Nilivipaka jana." Hilo lilikuwa kweli. Akaona mafuta yanavyong'aa, akaridhika na kazi yangu. "Washa taa." Nikawasha. "Piga ufunguo." Nikapiga, ikalia ta, na ile taa nyekundu ya dashibodi ikafa kabisa, kama jicho lililofumbwa, halafu ikarudi nilipoachia. "Taa ikoye?" akauliza. Pale mbele alisimama Dube ambaye ningemwambia nilichukua betri ya gari lake kwa ajili ya salamu za redio, alisimama Komora, walisimama watu kumi wenye tope magotini. Niliona aibu. Sina neno jingine, na nimelitafuta. Niliona aibu, nikasema, "Iko vilevile, fundi. Haijapungua." Nilijiambia atakapogeuka nitashuka, nikikaze kile kichwa kwa mkono, nipige ufunguo, liwake, watu washukuru Mungu. Salimu akasema, "Basi ni stata. Ingia chini."

Stata ya pikapu ile ilifunguliwa kutokea chini. Nikalala chali topeni, spana kifuani, na juu ya uso wangu kulikuwa na bati la bodi na juu ya bati godoro na juu ya godoro Raheli. Nilisikia kila neno. Mkunga alikuwa akimwambia kwa Kipokomo apumue polepole, asisukume. Mama mkwe alisali, kisha akaacha kusali akamuuliza Komora kama alikumbuka kufunga kuku. Raheli alikuwa akiuliza neno moja tu, "Bado?" na Komora akimjibu, "Bado kidogo, wanamaliza." Kila alipouliza nilijiambia, nikimaliza bolti hii nitatoka niseme. Bolti ya kwanza ilikuwa imeshika kutu. Ilipotoka, nikajiambia ya pili. Nilizidi kwenda chini ya uongo wangu kama mtu anayechimba, na kila dakika ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa kuwa sasa ningekuwa nakiri betri na uongo na dakika zote zile. Sauti ya juu yangu ilipungua. Aliacha kuuliza "Bado?" Nami, Mungu anisamehe, niliona nafuu.

Stata ilipotoka, jua lilikuwa limepanda na migongo ya watu inawaka. Salimu aliiweka chini na kuja na nyaya mbili nene ili aijaribu kwa betri ileile. Ili kufika kwenye vichwa ilibidi avue zile waya za gari, akatafuta spana. Hakuihitaji. Waya ulitoka kwa vidole viwili. Akaunganisha, na stata ikazunguka kwa nguvu hata ikaruka juu ya ardhi. Stata nzima. Betri nzima. Salimu akaiachia ikanyamaza, akakitazama kile kichwa cha betri kilivyojaa mafuta ndani, na tope la kijani chini ya mafuta. Kisha akanitazama mimi. Nimetazamwa na watu wengi wenye hasira; ile haikuwa hasira. Alikuwa anaisikiliza tena ile "haijapungua" yangu. Akatoa kisu, akakwangua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rudisha stata upesi," na nilipoirudisha, yeye mwenyewe akafunga betri na kukaza nati. Dube akapiga ufunguo. Gari likawaka papo hapo. Watu walishangilia.

Nilipanda nyuma kushika godoro lisiteleze. Raheli alikuwa na macho wazi, midomo yake imekauka na kuwa na rangi ya majivu, na wakati mmoja aliniuliza, "Wewe ndiye fundi?" Nikaitika kwa kichwa. Akasema, "Asante." Hatukuwa tumefika nusu ya njia mkunga alipogonga bati kumwambia Dube aende taratibu, hakuna haraka tena. Mtoto alikuwa amekufa kabla ya mama yake. Hospitalini mhudumu aliyewapokea alituuliza tumetoka saa ngapi, na Komora alipomwambia, yeye aliandika tu.

Siku ya tano Komora alikuja gerejini. Hakuja kwa shari. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu, tulikuwa tunakula wali, na akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu, "Fundi, ile gari ilikuwa na nini?" Mkono wangu ulikuwa sahanini na haukutoka. Salimu alisimama, akamkaribisha, Komora akakataa kukaa. "Ndugu yangu," Salimu akamwambia, "mimi nalikosea. Nalifungua stata, na stata haikuwa na neno. Waya wa betri ulilegea, nami sikuuona. Mato yangu ndiyo yaliyokosa." Komora akahesabu, akasema, "Basi ni saa mbili zilizopotea." Salimu akasema, "Ni saa mbili." Yule mtu akashukuru kuambiwa, akaenda zake. Nilimngoja Salimu anigeukie. Alikaa, akavuta sahani yake, akala taratibu mpaka akamaliza.

Toka hapo hakuniita tena kwenye usukani. Alikwenda mwenyewe, akapiga ufunguo mwenyewe, akatazama taa mwenyewe, akarudi kwenye boneti, hata kama nimesimama mlangoni mwa gari. Maneno ya kazi tuliyasema, nipe namba kumi na tatu, shika hapa. Mengine hatukuyasema. Tulilala vitanda viwili mkono na mkono kwa miezi minne, na asubuhi nyingine niliamka nikamkuta ananitazama, akisubiri labda, na mimi nikamuuliza kama ninunue mkate. Mjini walisema fundi wa Kipini ameua mke wa mtu kwa ujuaji. Wateja wakapungua. Dube aliendelea kuleta pikapu yake, ila hakutania tena. Kiangazi kilipokuja Salimu alifunga vyombo vyake, akanipa mkono, akasema, "Kazi unaijua. Kheri." Nikamwacha aondoke na jina langu baya limeandikwa kwake. Komora alifariki miaka mingi baadaye, nilisikia, sikwenda.

Nilifika Kipini wameshazika. Nilikuwa nimepita Idsowe, kwao Raheli, nikiwa nimeinamia simu isiyokuwa na ujumbe wowote. Msiba ulikuwa nyumba ya mawe ya zamani, mikeka barazani, kahawa chungu na haluwa, na vijana wenye mikono myeusi ya grisi ambao nilijua bila kuuliza walikuwa wanafunzi wake. Athumani alinikalisha karibu naye. Walikuwa wanamkumbuka marehemu, ukali wake, utani wake, na kijana mmoja akasema mzee hakukubali kabisa kumuuliza mtu habari ya taa. Utakaa kwenye usukani, naye atakuja kusogeza kichwa chako atazame mwenyewe. Wakacheka. Athumani hakucheka. Akanimiminia kahawa na kusema kwa sauti ndogo, ya babake, "Alituhadithia sababu. Alikuwa na msaidizi Garsen akamwambia taa haikupungua. Mama mmoja akafa. Sisi tulikuwa tukimtukana mtu huyo, naye akitukataza. Akisema, msimlaumu, alikuwa mtoto, aliogopa."

Kikombe kilikuwa kidogo na kilikuwa kinaniunguza vidole, nikakiweka chini.

"Ni mimi," nikamwambia. "Na sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Raheli ndiye aliyekuwa na kumi na tisa."